Jua la Utosini: Picha za Magwaride na Kumbukumbu Songea

Katika wiki ya tatu ya Februari jua hupita utosini mwa Songea likirejea kaskazini, na katika wiki ya tatu ya Oktoba hupita tena likishuka kusini. Siku chache baada ya safari ya kwanza huja tarehe 27 Februari, kumbukumbu ya Mashujaa wa Majimaji. Siku chache kabla ya safari ya pili huja tarehe 14 Oktoba, Siku ya Nyerere. Mpiga picha angeulizwa, angeyakwepa majira yote mawili. Adhuhuri ya tarehe hizo, jua likiwa juu kabisa, kivuli cha askari aliyesimama mguu sawa hakifiki hata ncha ya buti lake. Ukingo wa kofia hufunika macho, pua humetameta, na sura ya mtu aliyepiga pasi sare yake usiku kucha hubaki mashimo mawili meusi.

Tarehe ya Februari ilichaguliwa na Wajerumani. Siku hiyo mwaka 1906, baada ya miezi ya vita iliyofuata kuingia kwa uasi wa Majimaji katika nchi ya Wangoni, utawala wa kikoloni uliwanyonga hapa viongozi na wapiganaji zaidi ya 60, akiwamo Nkosi Mputa Gama, mtawala wa Njelu. Nduna Songea Mbano, ambaye mji unabeba jina lake, naye aliuawa. Wazee husimulia kwamba kichwa chake kilikatwa na kupelekwa Ujerumani, na kaburi lake liko peke yake, mbali kidogo na kaburi la pamoja la wenzake.

Kamera zilikwisha kufika nchini zamani. Boma la Songea lilianzishwa 1897, na wakati huo maofisa, wamisionari na wafanyabiashara wa Kijerumani walikuwa wakizunguka na masanduku ya mbao, miguu mitatu na sahani za kioo. Kwenye miji ya pwani hata biashara ya picha ilikuwa imeshamiri. Walther Dobbertin, aliyefanya kazi Dar es Salaam mwanzoni mwa karne ya 20, aliacha mkusanyiko mkubwa ambao sasa uko katika Hifadhi ya Nyaraka ya Ujerumani huko Koblenz. Ndani yake wamo askari waliopanga safu, bendi na bendera. Sikukuu ya gwaride la wakati huo ilikuwa tarehe 27 Januari, siku ya kuzaliwa kwa Kaiser Wilhelm wa Pili, na mabomani walijipanga kwa ajili ya mtu ambaye askari wengi hawakuwahi kumwona.

Picha hizo zina ufundi, lakini zina upofu wa aina mbili. Wa kwanza ulikuwa wa kemikali. Sahani za zama hizo zilikuwa kali kwa rangi ya buluu na karibu hazikuona kabisa nyekundu. Anga la Ungoni likatoka jeupe kama karatasi, udongo mwekundu ukatoka mweusi, na ngozi ya kahawia ikasogea kwenye giza kuliko ilivyo machoni. Mzungu aliyevaa kofia nyeupe alionekana kila mkunjo wa uso. Askari aliyesimama hatua mbili nyuma yake alibaki umbo tu.

Upofu wa pili haukuwa wa sahani. Mpiga picha alisimama upande wa afisa. Mguu wa kamera uliwekwa pale ambapo gwaride lilitakiwa kutazamwa, na maelezo yaliyoandikwa pembeni yalitaja kazi ya mtu au kabila lake, mara chache sana jina. Ndiyo maana hadi leo, kila Februari inapokaribia, husambaa kwenye simu picha za wafungwa waliofungwa minyororo shingoni, zikiambiwa ni mashujaa wa Songea. Nyingine huenda zilipigwa mamia ya kilomita kutoka hapa, maana mnyororo wa shingo ulikuwa jambo la kila siku katika koloni zima. Picha isiyotaja mahali, mwaka wala mtu ni rahisi kuhamishwa.

Kilomita 24 hivi magharibi ya mji, Peramiho, kamera nyingine ilikuwa na shughuli tofauti. Wabenediktini walifungua misheni hapo 1898. Vita viliichoma 1905, na mwaka huohuo Askofu Cassian Spiss, mwanzilishi wake, aliuawa njiani katika nchi ya Liwale. Walipoijenga upya waliendelea kupiga picha kwa bidii ya watu wanaotakiwa kutoa hesabu: ubatizo, maandamano ya Ekaristi, watoto wa shule na madaftari yao, kuta za kanisa zikipanda. Picha zilirudi Ulaya katika majarida ya misheni ili waumini wa Bavaria waendelee kuchangia. Huenda hapo ndipo Wangoni wengi walipopigwa picha mara ya kwanza wakiwa ndani ya sherehe yao wenyewe, ingawa mteja wa picha alikaa mbali. Kwa mtazamo wa ufundi, maandamano ya kanisa yana fadhila moja ambayo gwaride la kijeshi halina: yanakwenda taratibu na yanasimama mara kwa mara. Mwenye kamera nzito alikuwa na muda wa kutangulia mbele, kuweka miguu mitatu na kuwasubiri.

Kwa Waswahili wa visiwani mambo yalikuwa yamekwenda mbele zaidi. Studio ya A. C. Gomes ilikuwa ikifanya kazi Zanzibar tangu karne ya 19, na Ranchhod Oza, aliyejifunza hapo, alifungua Capital Art Studio mwaka 1930. Alipiga picha shughuli za kasri la Sultani na alipiga pia harusi, vijana na familia zilizoingia kwa mguu kutoka barabarani. Mtu yuleyule, siku moja na fundi seremala, siku ya pili na mfalme. Mwanawe Rohit aliendeleza kazi hiyo baadaye. Huko bara, kusini mwa nchi, mtindo huo ulichelewa.

Kilichofika mapema kusini ni gwaride lenyewe, tena bila serikali. Baada ya Vita ya Kwanza ya Dunia, vijana kando ya Ziwa Nyasa na milimani Umatengo walichukua mwendo wa askari, safu, vyeo na tarumbeta, wakavigeuza kuwa ngoma. Mganda ulizaliwa katika ukoo mmoja na beni ya pwani, ambayo mwanahistoria Terence Ranger aliiandikia kitabu kizima mwaka 1975. Wachezaji huvaa kaptula na soksi nyeupe, mstari umenyooka, kiongozi mbele. Kwa mpiga picha, mganda ni mtihani kuliko gwaride la polisi. Weupe wa nguo chini ya jua kali huidanganya kamera. Inadhani dunia nzima ni angavu, inabana mwanga, na nyuso zinazama. Mafundi wa zamani waliokuwa na kipima mwanga mkononi walikisogeza hadi usoni mwa mtu, au kama hawawezi kumfikia, wakapima kiganja chao wenyewe kikiwa juani, kisha wakafungua lenzi kwa kadiri hiyo na kuyaacha mashati yajitetee. Ni shati au uso. Mara nyingi haviwezekani vyote. Anayechagua uso hatajuta.

Uhuru ulipokuja, gwaride likapata mwenyewe mpya lakini umbo lake halikubadilika sana. Mgeni rasmi anapanda jukwaa kuu, anakagua, kikosi kinapita kwa mwendo wa pole kisha kwa mwendo wa haraka. Kinapofika mbele ya jukwaa, nyuso zote hugeuka kulia kwa pamoja, isipokuwa yule wa ukingoni ambaye hubaki akitazama mbele ili mstari usipinde. Sekunde chache hizo ndizo picha. Aliye upande wa jukwaa anapata nyuso thelathini. Aliye upande wa wananchi, ng'ambo ya uwanja, anapata masikio thelathini. Halaiki ya watoto ni hivyohivyo: herufi wanazoziunda kwa miili na vitambaa husomeka kutoka jukwaani, na mama aliyekaa mzunguko wa pili akimtafuta mwanawe huona rangi zikipishana.

Kwa hiyo kibali cha kusimama upande ule kilikuwa mali. Wapiga picha wa Idara ya Habari na wa magazeti ya Dar es Salaam walikuwa nacho, na picha zao ndizo zilizokuwa macho ya nchi, kwa sababu Tanzania Bara haikuwa na televisheni hadi 1994. Zanzibar ilikuwa nayo tangu miaka ya 1970, bara ikasubiri. Sherehe ya Songea ikionekana Mwanza, ilionekana gazetini, kwa picha moja: kiongozi, mkono wa mtu mwingine, tabasamu. Filamu ilibidi isafiri kwanza. Lami kutoka Makambako ilifika Songea katika miaka ya 1980. Kabla ya hapo, mvua za Novemba hadi Aprili zilikuwa mhariri wa kwanza wa habari zote za kusini.

Wapiga picha wa mjini walibaki na wananchi, na hapo ndipo ufundi wa Songea ulipokua.

Chombo chao katika miaka ya 1960 na 1970 kilikuwa mara nyingi kamera ya lenzi mbili, Yashica au ndugu zake, inayotazamwa kwa kuinamisha kichwa. Mkanda wake ulitoa picha 12. Siku nzima ya sherehe, picha 12 na pengine mkanda wa akiba, kwa hiyo hapakuwa na kubahatisha. Kwenye umati, fundi aliigeuza kamera chini juu, akainyoosha mikono juu ya vichwa vya watu, akatazama kioo kwa kuinua macho badala ya kuyainamisha. Ni mbinu ya wapiga picha wa dunia nzima, lakini kwa mtu aliyenyimwa nafasi ya mbele ilikuwa ukombozi. Fremu ya mraba nayo ilimfundisha jambo: katika mraba, safu ndefu ya askari haipendezi, lakini watu watatu wanapendeza. Picha za studio za mitaani za kipindi hicho, zile zilizobaki kwenye albamu, zina watu wachache, karibu, wakitazama lenzi, huku gwaride likiwa kivuli nyuma yao. Ni babu aliyevaa nishani za vita na wajukuu wawili. Ni kijana aliyemaliza mafunzo ya Jeshi la Kujenga Taifa, mama yake kamshika mkono.

Picha hizo hazikumhitaji mgeni rasmi. Zilipigwa kabla hajafika au baada ya kuondoka, chini ya mwembe, pembeni ya ukuta, popote penye kivuli cha wazi. Na kivuli cha wazi ni dawa ya jua la utosini iliyo rahisi kuliko zote: mwanga unatoka anga lote badala ya sehemu moja, macho yanafunguka, ngozi inaonyesha rangi zake. Waliofanya hivyo walikuwa wakikwepa umati, si kutafuta sanaa, na bado walipata picha bora kuliko waliokuwa jukwaani. Wakati mwingine mbingu yenyewe ilisaidia. Februari ni katikati ya mvua hapa, na wingu jembamba asubuhi linamlaani mwenye kanzu nyeupe lakini linambariki mpiga picha.

Kazi ya pili ilikuwa chumba cha giza. Umeme wa Songea ulitoka kwa sehemu kubwa kwenye mitambo ya dizeli hadi Gridi ya Taifa ilipofika kutoka Makambako mwaka 2018, na dizeli ilikuwa na siku zake. Mwanga wa taa ya kusafishia picha ukiyumba, karatasi moja inatoka nyeusi na ya pili inatoka hafifu. Mwishoni mwa miaka ya 1970, baada ya bei ya mafuta kupanda na vita vya Kagera, fedha za kigeni zilikauka na bidhaa za studio zikaadimika pamoja na sabuni na sukari. Fundi aliyekuwa na karatasi chache alijifunza kukinga kwa kiganja: wakati mwanga unashuka juu ya karatasi, aliweka mkono au kipande cha kadi juu ya sehemu ya uso kwa sekunde chache ili usiive mno. Hivyo sura ikatoka kwenye giza la kofia. Kubadilisha picha baada ya kuipiga hakukuanza na programu za simu.

Rangi zilipoingia, mambo yalirudi nyuma kidogo. Wengi hushangaa wakisikia, lakini filamu za rangi za miaka hiyo zilikuwa zimepimwa kwa ngozi nyeupe. Maabara ziliweka sawa mashine zao kwa kutumia kadi yenye picha ya mwanamke wa Kizungu, iliyojulikana kama kadi ya Shirley kwa jina la mmoja wa wasichana wa Kodak waliopigwa picha hizo. Ng'ambo ya mto Ruvuma, Msumbiji iliyokuwa imepata uhuru juzi tu ilimwalika mtengenezaji filamu Jean-Luc Godard mwaka 1977 kushauri kuhusu televisheni yake, naye akakataa filamu za Kodak akisema zina ubaguzi. Kampuni ilikuja kurekebisha mchanganyiko wake polepole, na kwa masimulizi ya wafanyakazi wake wa zamani, waliolalamika kwa sauti iliyosikika ni wauza chokoleti na wauza samani, ambao kahawia zao zote zilitoka zinafanana. Kadi yenye watu wa rangi mbalimbali ilifika miaka ya 1990.

Songea haikuwa na nafasi ya kumlalamikia mtu. Mikanda ya rangi ilipanda basi kwenda kusafishwa kwenye miji mikubwa, ikarudi baada ya siku, na mteja aliyemwona mjomba wake amekuwa mwekundu kama udongo wa Mahenge, mtaa wa hapa mjini, alimlaumu mpiga picha aliyesimama mbele yake. Dawa iliyopatikana ilikuwa flashi ya mchana. Watu walicheka: mwanga wote huu na bado unawasha taa? Lakini mwali mdogo wa mbele, chini ya jua la saa sita, ndio unaoingia chini ya kofia na kurudisha macho. Hadi leo, kwenye sherehe yoyote yenye jua kali, mtu anayewasha flashi ya mchana amepita mikononi mwa fundi.

Wakati huohuo uwanja wenyewe ulikuwa umebadilika. Jumba la Makumbusho ya Majimaji lilifunguliwa Mahenge mwaka 1980, mahali pa kaburi la pamoja, na sasa ni sehemu ya Makumbusho ya Taifa. Sanamu za viongozi zimepangwa kwa mzunguko. Kabla ya hapo, mwaka 1968, Mradi wa Utafiti wa Majimaji wa Chuo Kikuu cha Dar es Salaam ulikuwa umewatuma wanafunzi vijijini kukusanya masimulizi ya wazee. Walikuja na sauti na majina. Nyuso za wengi wa walionyongwa hazikuwahi kupigwa na kamera yoyote ya kirafiki, na sanamu zilibeba kazi ambayo picha haikufanya.

Mbele ya sanamu hizo, kumbukumbu ilipata mwelekeo mwingine. Kwenye gwaride la uwanjani kila kitu kinaelekea jukwaa. Penye makaburi, kila mtu anaelekea makaburi, mgeni rasmi naye, na mgongo wake unakuwa mgongo kama wa wengine. Mpiga picha akisimama nyuma yao anapata migongo. Akitaka nyuso, inabidi aende upande wa wafu na kuwatazama walio hai kutoka huko. Si kila mmoja anathubutu, na si kila mzee anapenda kamera ipite karibu na kaburi. Wanaoifanya kazi hii vizuri huomba mapema kwa wazee, husimama pembeni tangu mwanzo badala ya kukatiza katikati ya dua, na huacha lenzi ndefu ifanye kazi ya miguu.

Tarehe 1 Novemba 2023 mwelekeo huo ulionekana na dunia. Rais wa Ujerumani, Frank-Walter Steinmeier, alifika Songea, akatembelea makumbusho, akakutana na ukoo wa Songea Mbano na kuomba msamaha kwa yaliyofanywa na Wajerumani. Kamera zilikuwa nyingi. Picha rasmi zilimweka yeye katikati, kama itifaki inavyotaka. Lakini picha zenye uzito ni zile ambamo amezungukwa na wazee, na mpiga picha kaamua kipimo cha mwanga kwa sura za hao waliokuja kuulizia kichwa cha babu yao. Miaka zaidi ya 100 kabla yake, hapahapa, sahani ya kioo ingemwona mgeni na kuwapoteza wenyeji.

Simu imewapa watu wote nafasi ya fundi wa Yashica, isipokuwa uchache. Mtu mmoja hurudi na picha 300 za mwendo wa haraka, zote masikio. Simu inapima shati jeupe kama zilivyofanya kamera za mganda. Dawa ni kugusa uso wa mtu kwenye kioo ili ipime hapo. Lenzi pana ya simu hutanua aliye ukingoni mwa picha ya pamoja, hivyo bibi asiwekwe mwisho wa mstari. Na picha ikitumwa kwa WhatsApp hupungua ukubwa. Ya kuchapisha itumwe kama faili. Nje ya lango la shule siku ya mahafali, vijana wenye printa ndogo huuza picha ya mtoto kabla hajatoka na cheti, na akiona vijana hao walivyo wepesi, mtu anaelewa kwamba biashara haijafa, imebadili kasi tu.

Kinachokufa ni negativu. Studio ikifungwa, masanduku yake hutupwa, na negativu ya mraba wa sentimita sita ikichomwa pamoja na takataka, huondoka nayo sherehe nzima yenye ukali ambao simu nyingi bado hazijaufikia. Familia zenye albamu zinaweza kuokoa nusu ya kazi: picha ya zamani inakiliwa karibu na dirisha, bila flashi, simu ikiwa sambamba na karatasi, kisha majina yanaandikwa nyuma kwa penseli laini, kwa kuwa wino wa kalamu hupenya hadi upande wa uso. Majina ya walio mbele, ya walio nyuma, ya uwanja na ya mwaka. Na kama yupo mtu anayejua aliyeshika kamera, jina lake nalo.